Natafuta daftari la kupimia kahawa, msimu wa 1978/79

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi, na gazeti lako hulipata kwa jirani yangu wa viatu vya mitumba akishalimaliza, kwa hiyo ninachojibu ni habari ya siku kadhaa zilizopita. Mniwie radhi. Mwandishi wenu mmoja, katika makala ya Siku ya Mashujaa, alisema vita vya Kagera viliwagusa watu wa Kagera na familia za wanajeshi, na kwamba sisi wa mikoa mingine, Kilimanjaro ikiwemo, tulivisikiliza tu redioni. Nililikunja gazeti nikamrudishia mwenyewe, lakini mteja aliyefuata nilimwuzia mkungu wa mshare kwa bei ya kitarasa, ndizi ya bei ya chini. Akili haikuwepo.

Redio yenyewe hatukuwa nayo, Mhariri. Ilikuwepo lakini haikuwa na betri, na betri dukani hazikuwepo.

Sisi ni wa upande wa Vunjo, juu ya Himo. Kijiji sikitaji kwa sababu baadhi ya wahusika wako hai na wajukuu wao hununua ndizi kwangu. Nilikuwa na miaka 14, nimemaliza darasa la saba Septemba ya 1978, nasubiri matokeo ambayo kila mtu alijua yatakavyokuwa. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu, zimegawanywa kimkoa, na mkoa wetu ulikuwa na watoto wengi wanaosoma kuliko viti. Baba alikuwa dereva wa lori la tani 7 la tajiri mmoja wa mjini.

Amin aliingiza majeshi yake mwishoni mwa Oktoba, akatangaza kwamba ardhi yetu yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia taifa. Mnaikumbuka, ile ya sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Tuliisikiliza uani kwa jirani, watu kama 40 wamesimama kimya, ng'ombe tu ndiye aliyekuwa akipiga kwato bandani. Muda si mrefu serikali ikaanza kukusanya magari, malori na mabasi, kupeleka askari na chakula Kagera. Lori la tajiri likachukuliwa, na dereva pamoja nalo. Tajiri alibaki.

Baba alikuja nyumbani usiku mmoja tu. Alichukua sweta na blanketi, akaacha mezani vitu viwili, mkasi wa kupogolea na kadi ya kahawa. Hakusema sasa ni vya nani. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Bibi, mama yake baba, alikuwa na mgongo uliopinda lakini macho mazima. Wadogo zangu walikuwa watatu, na mkubwa wao, wa kiume, alikuwa na miaka 9. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu na meza.

Kwa wasiojua mambo ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, nieleze kidogo. Ndizi zilikuwa za mama, maziwa ya mama, maharage ya mama. Kahawa ilikuwa ya baba. Mti ule unaota chini ya mgomba wa mama, unapata mbolea ya ng'ombe aliyekatiwa majani na mama, lakini pesa yake na mkasi wake ni vya baba. Mwanamke alichuma, akabeba, basi. Kumenya, kupeleka mzani, kupogolea na kupulizia dawa zilikuwa kazi za wanaume. Na Novemba, kahawa inakuwa nyekundu mtini. Haijui habari za Amin.

Tukachuma. Mama alichuma ameketi kwenye kigoda anakisogeza mti hadi mti. Jioni mimi nikazungusha mashine ya kumenyea, mdogo wangu akimimina kwa kopo. Mashine ile ilikuwa na mpini wa chuma mrefu kwa mkono wa mtu mzima, na mimi nilikuwa mwembamba, kwa hiyo niliuzungusha kwa kuuning'inia ukishuka na kuusukuma kwa kifua ukipanda. Alama ninayo mpaka leo, chini ya bega.

Ukishamenya, kahawa unaivundika kwenye pipa ule utelezi uishe. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu hakuna saa inayokuambia imeiva. Bibi alinifundisha kwa sikio. Unazamisha mkono, unatwaa konzi, unasugua. Ikiwa bado, inateleza kama bamia, haina sauti. Ikiwa tayari, inakwaruza kama changarawe ndani ya viganja. Ukichelewa baada ya hapo, itaanza kunuka, na kahawa inayonuka inashushwa daraja huko mbele. Lazima ioshwe, na kuiosha kunataka maji mengi.

Maji yalikuwa ya mfongo. Mifereji yetu ile inayoshuka kutoka mlimani kila mtu ameiona kwenye picha za watalii, lakini picha haionyeshi kwamba ina zamu, na zamu ina wenyewe, na wenyewe ni wanaume. Mwanamke achote ndoo, hakuna neno. Kugusa banio, kuyageuza maji yaje kwake, hiyo haikuwa ya mwanamke. Zamu yetu mwezi ule wa Desemba ilianza saa tisa usiku.

Kahawa ilikuwa na siku ya pili pipani, inakwaruza. Mama alikuwa karibu kujifungua. Nilichukua jembe la baba nikaenda. Mafuta ya taa hayakuwepo, koroboi ilikuwa tupu wiki nzima, lakini mbalamwezi ilikuwepo. Nilipiga magoti nikaanza kutoa vigogo vya mgomba na udongo uliozibia upande wetu. Mikono imekufa ganzi. Maji yale yanatoka juu mlimani, ni baridi hata Desemba. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Alikuwa mzee wa mfongo mwenyewe, yule anayesimamia zamu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Ameenda na lori."

"Najua ameenda na lori. Nauliza mwanamume wa nyumba yenu aliyekuja kuchukua maji yuko wapi."

Nikamwambia, aliyekuja ni mimi. Nilisema kwa sauti ndogo sana, wala sikuwa jasiri kama wasichana wa kwenye tamthilia. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Ina siku ngapi?"

"Mbili."

"Inasema?"

"Inasema."

Hakuongeza neno. Aliigeuzia mfongo mgongo, akaitazama migomba ya jirani, mikono nyuma, fimbo imebanwa kwapani. Akasimama hivyo hivyo mpaka maji yakaanza kuingia upande wetu na nikaweza kukimbia nyumbani kuosha. Kuanzia siku hiyo kila zamu yetu ilipofika alikuja, akakohoa mara moja, akageuka. Asubuhi mtu akimwuliza nani alifungua maji, alijibu kwamba yeye hakuona mtu. Ni kweli hakuona. Nimesikia watu wakimtukana mzee yule kwa ukali wake kwenye misiba ya watu, mimi nanyamaza.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa wiki ile. Tulikunywa uji wa ulezi bila sukari, maana sukari nayo ilikuwa hadithi.

Sasa nije kwenye mzani, ndiko ninakotaka kufika. Wakati ule vyama vya ushirika vilikuwa vimekwisha kufutwa, tangu 1976, na kahawa ilipimwa kijijini ndipo iende Mamlaka ya Kahawa. Lakini midomo yetu ilibaki kusema "chamani". Unapeleka kahawa iliyokauka, karani anapima, anaandika kwenye daftari kubwa jina la mwenye kadi na kilo, anaandika kwenye kadi, unaweka sahihi. Malipo ya kwanza yanakuja, ya pili yanakuja baadaye sana, na ya tatu unayasikia.

Nilipeleka mara tano. Mara ya kwanza karani alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja, hakuja mtu. "Andika jina la baba yako," akasema. Nikaandika jina la baba. Mara ya pili hivyo, ya tatu hivyo, ya nne hivyo. Mtu akilifungua daftari lile leo ataona baba yangu aliyekuwa akisukuma lori kwenye matope ya Kagera alikuwa pia anapeleka kahawa Vunjo, na mwandiko wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la saba, wenye mikia ya mviringo kama tulivyofundishwa.

Mara ya tano ilikuwa Januari, kahawa ya mwisho mwisho. Karani alikuwa ameitwa kikaoni, na kwenye mzani akawekwa mwalimu aliyenifundisha darasa la sita. Alipima, kilo 43. Akanisogezea daftari na penseli, kalamu ya wino ilikuwa imekwisha. Nikaanza herufi ya kwanza ya jina la baba. Akanishika mkono.

"Hiyo ni sahihi ya nani?"

"Ya baba."

"Baba yako yupo hapa?"

"Hayupo, mwalimu."

"Kwenye mstari huu anaandika jina la mwenye kadi. Nimeshaliandika mimi. Kwenye mstari huu anaweka sahihi aliyeleta mzigo. Ukiweka sahihi ya mtu mwingine ni kughushi, na mimi sikukufundisha kughushi."

Nikafuta ile herufi kwa kidole kilicholowa mate, ikabaki kama moshi. Nikaandika jina langu. Majina yote mawili. Sikuwahi kuliandika popote nje ya daftari za shule.

Katikati ya hayo palikuwa na baba mdogo. Sitaki kumsema sana, alikwisha kufa na alinipenda. Lakini Desemba alikuja usiku akamwambia mama kahawa hii msiipeleke mzani, tuishushe Taveta. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na kwa sababu hiyo hiyo kila kitu kilichokosekana kwetu kilikuwa kimekaa upande wa pili, sabuni, mafuta ya kupikia, chumvi. Watu walivusha. Alisema atarudi na sabuni katoni nzima. Mhariri, wewe hujui sabuni ilikuwa nini mwaka ule. Tulifulia majani ya mpapai. Mama alikuwa karibu kukubali, nilimwona. Bibi ndiye aliyesema, akiwa amelala, hatukujua kama yuko macho: "Mwanangu yuko kwenye lori la serikali, na nyinyi mnaibia serikali kwa mlango wa nyuma. Lori hilo likipinduka mtalia na nani?" Baba mdogo akaaga.

Januari hiyo hiyo nikavunja ungo. Mjukuu anayenichapia barua hii kwenye simu ni wa kiume na ameniomba niruke hapa. Siruki. Nilikuwa juu ya kichanja nageuza kahawa iliyoanikwa nikaona damu kwenye kifundo cha mguu nikadhani nimejikata na wavu. Bibi alinipeleka bandani kwa ng'ombe, akachana kanga yake ya zamani vipande sita, akanionyesha jinsi ya kuvikunja, jinsi ya kuvifua kwa maji baridi kwanza na kuvianika chini ya nguo nyingine vipate jua bila kuonekana. Zamani, akasema, msichana angewekwa ndani na kulishwa na kufundwa na shangazi zake. "Wewe hatuna mtu wa kukuweka ndani. Nani atakata majani?" Tukacheka wote wawili. Akanipa nusu ya kipande cha sabuni aliyokuwa ameificha kwenye kibuyu, sijui tangu lini. Huko ndiko kuchezwa ngoma kwangu, kukaisha ndani ya robo saa, na nikarudi kugeuza kahawa.

Februari nikapogolea. Nilikuwa nimemtazama baba miaka yote nikimshikia matawi, kwa hiyo nilijua kipi hukatwa, yale machipukizi yanayokwenda juu kwa kiburi, na matawi yaliyokwisha kuzaa. Kujua na kukata ni vitu viwili. Miti mitatu ya kwanza niliiharibu. Ya nne nikamwita Bibi, akakaa chini ya mti ananionyesha kwa fimbo. Machi tukatafuta mrututu, ile dawa ya buluu ya kupulizia, maana chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ilikuwa inakula kahawa mbichi mtini ikawa nyeusi. Nilishuka Moshi na Bibi kwa miguu mpaka Himo, kisha kwa gari lililojaa mpaka mlangoni. Mjini kulikuwa na askari wengi na magari ya serikali, barabara nyingine hupiti. Tuliuliza, tukaambiwa kuna wageni. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua ni Waganda wale waliokuwa uhamishoni, waliokutana Moshi Machi 24 hadi 26 kupanga nani atashika nchi Amin akiondoka, wakamchagua Yusuf Lule. Kwa hiyo mwandishi wenu aliyesema sisi tulikuwa mbali na vita, serikali iliyofuata ya Uganda ilisukwa hapa hapa Moshi, mwendo mfupi kutoka meza yangu ya ndizi. Mimi na Bibi siku ile tulikuwa tunagombania mrututu kilo mbili. Tuliupata. Nilibeba bomba la dawa mgongoni, likavuja, nikawa wa buluu kutoka shingoni mpaka kiunoni, watoto wakinikimbia.

Wiki zile zile tukasikia ndege za kumsaidia Amin zimekwenda kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Watu walicheka sana. Mama hakucheka. Alisema aliyelenga mji akapata swala, kesho atalenga swala apate lori.

Masika ikaingia. Tulikuwa tunatoka nyumbani saa kumi alfajiri kushuka shamba la tambarare kupanda mahindi, na kurudi juu jioni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Tarehe 11 Aprili Kampala ilipoanguka tulikuwa huko chini kwenye palizi. Kijana alipita na baiskeli akipiga kelele, kengele mfululizo. Wanawake wakaacha majembe wakacheza kwenye matuta, mahindi mengine yakakanyagwa. Bibi aliendelea kupalilia mstari wake mpaka mwisho, akanyoosha mgongo, akauliza: "Na malori yanarudi lini?"

Mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alicheza sana siku ile. Mwanawe wa kwanza alikuwa jeshini. Mwezi Mei wakaja watu wawili na barua. Waliokufa walizikwa Kagera, na baadaye Kaboya huko Muleba pakawa ndio makaburi ya mashujaa, lakini kutoka Vunjo kwenda Muleba siku zile ni sawa na kumwambia mtu aende mwezini. Alipanda masale mahali ambapo kijana angezikwa kihambani, kati ya migomba miwili. Yamekuwa kichaka sasa. Hakuna kitu chini yake, na hakuna anayethubutu kulima pale.

Baba alirudi Julai. Alipanda kutoka Himo kwa miguu, amevaa koti la jeshi lisilo lake, amekonda, na alikuwa ameanza kuvuta sigara. Hakuwa askari, kwa hiyo hakupata nishani, hakuingia kwenye gwaride, na hata yeye, Mhariri, hayumo kwenye makala yenu. Miaka yote 25 aliyoishi baada ya hapo hakuwahi kulala usiku mzima mvua ikinyesha. Alikuwa anatoka kwenda kuangalia magurudumu. Lori lenyewe halikurudi.

Asubuhi ya pili akazunguka kihamba. Nilikuwa nachuma magugu nikamfuata kwa macho. Alisimama kwenye ile miti mitatu niliyoiharibu, akaendelea. Akafika kwenye mingine, akashika tawi, akalipindua, akaangalia mahali palipokatwa. Kahawa ilikuwa imezaa, Mhariri. Si kama ya mwaka wa neema ile Brazil ilipopigwa na baridi, lakini imezaa.

"Nani amekata hii?" akamwuliza mama.

"Binti yako."

Akanyamaza, akaenda hadi mwisho wa kihamba, akarudi. Akaingia ndani, akatoka na mkasi. Akamwita mdogo wangu, miaka 9 yule, sasa karibu 10, akamwekea mkasi mkononi. Akaniambia mimi: "Mfundishe mdogo wako. Usimwache akate kama wewe ile mitatu ya mwanzo."

Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi. Yalikuwa sifa. Baba hakuwa mtu wa sifa, na kumwambia mtoto wa kike amfundishe wa kiume kahawa ilikuwa sifa kubwa kuliko nishani. Na hapo hapo mkasi ulikuwa umeondoka kwangu. Yote mawili yalifanyika kwa mkono mmoja. Nilimfundisha. Alikuwa mwepesi wa kuelewa.

Kahawa ile ikamsomesha yeye sekondari ya binafsi. Mimi nikaolewa nikiwa na miaka 19, nikaja mjini. Kihamba ni chake, kama mila inavyotaka. Sina ugomvi naye. Kila Krismasi ananiletea mguu wa mbuzi. Ila mwaka juzi kwenye kikao cha ukoo walipokuwa wanajadili kung'oa kahawa iliyobaki wapande parachichi, nikasema neno langu, na kijana mmoja, mjukuu wa baba mdogo, akauliza kwa heshima kabisa: "Shangazi, kwani wewe umewahi kushughulika na kahawa ya hapa?" Mpwa wangu mmoja wa kike aliyesoma sheria akafungua simu akawasomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanamume. Wakamsikiliza vizuri, wakamshukuru, wakaendelea na kikao. Lakini swali la yule kijana lilinichoma kuliko kihamba chenyewe. Sikuwa na cha kumwonyesha. Mama hayupo, Bibi hayupo, mzee wa mfongo hakuona mtu. Kadi ina jina la baba.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako. Vijiji vile vilipogawanywa na ushirika uliporudishwa miaka ya 80, madaftari ya mzani yalikwenda wapi? Nimeuliza kijijini wakasema yalihamishwa, nikauliza yalikohamishiwa wakasema mengine yaliliwa na mchwa, mengine mtu aliyachukua. Kama kuna karani mstaafu au mtoto wa karani mwenye sanduku darini, naomba asilichome. Simtafuti mtu kwa deni. Sihitaji hata kulichukua, nitaliangalia hapo hapo kwake, nitakuja na ndizi zangu.

Ni daftari kubwa, jalada jeusi, kona nyekundu. Januari 1979. Jina la mwenye kadi limeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu, kilo 43, na kwenye mstari wa sahihi kuna alama ya herufi iliyofutwa kwa mate, kisha jina la msichana kwa penseli. Karani aliporudi kutoka kikaoni huenda alilikata. Kama alilikata, nataka kuona alilikata kwa wino au kwa penseli.

Nipo meza ya tatu ukiingia upande wa mahindi, kila siku isipokuwa Jumapili.

Mama wa ndizi, Mbuyuni, Moshi